Saa ya Marehemu, Mnyororo Haupo



Tumepata barua ya mwalimu mmoja kijana wa shule ya msingi, mwenye mke na mtoto mmoja. Jina lake na kijiji chake tunaviacha, kwa sababu mtakayoiona wenyewe. Anaeleza kwamba jirani yake, mama mjane, anataka kuuza saa ya mkono aliyoiacha marehemu mumewe. Ni saa ya Omega, aina ya Seamaster, ya chuma cha pua, na mwalimu anakadiri kuwa ni ya miaka ya 1960. Inakwenda vizuri. Kasoro yake ni moja: mnyororo wake haupo, saa imelala katika leso bila kitu cha kuifunga mkononi. Mama anaukumbuka sana mnyororo huo, maana marehemu alizoea kuuchezea kwa kidole akisikiliza mahubiri.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa kupita alimwambia mama kwamba saa iliyopoteza mnyororo wake ni chuma chakavu, akataka kumpa bei ya kuku wawili. Mama akakataa. Sasa anahitaji fedha za kumrudisha mjukuu wake shuleni, na anaomba bei ya mbuzi mmoja. Mwalimu anatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, saa ya zamani isiyo na mnyororo wake wa asili yafaa kununuliwa? La pili, yeye anajua kwamba saa ile ina thamani kupita mbuzi. Je, ana kosa akilipa bei anayotajiwa na kunyamaza?

Tunamjibu hapa hadharani kwa kuwa si yeye peke yake. Wako watu wanaozitafuta saa za zamani siku hizi, nao hufika hata vijijini kuuliza yaliyomo katika masanduku ya wazee. Basi yafaa wanaouza na wanaonunua wajue wanachoshika.

Tuanze na saa yenyewe, kisha tutafika kwa mama.

Hapo kale waungwana wa Ulaya walivaa saa mfukoni, imefungwa kwa cheni kwenye kizibao. Saa ya mkono waliidharau, wakaiona pambo la wanawake, mpaka ilipokuja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Askari aliyejikunyata handakini hakuwa na nafasi ya kupekua mifuko. Akaifunga saa mkononi kwa mkanda wa ngozi. Vita ikaisha, desturi ikabaki. Kwa hiyo saa ya mkono na mkanda wa ngozi ni ndugu wa tangu zamani, na mnyororo wa chuma ni mgeni aliyezoeleka baadaye.

Tena viwanda vingi vya saa vya Uswisi havikutengeneza minyororo yao wenyewe. Waliagiza kwa mafundi wa kazi hiyo. Nyumba moja iliyosifika ni Gay Frères ya mji wa Geneva, iliyoanza mwaka 1835 na kuvitengenezea minyororo viwanda vyenye majina makubwa, mpaka Rolex walipoinunua mwaka 1998. Aina moja iliyopendwa sana miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na vipande vidogo vidogo vya mviringo mfano wa punje za mchele, na hata leo wauzaji wa Ulaya huiita kwa jina hilo hilo la mchele. Kumbe mnyororo na saa viliweza kuzaliwa katika nyumba mbili mbalimbali, vikakutana kiwandani au dukani.

Seamaster za kwanza zilitoka mwaka 1948. Nyingi katika miaka iliyofuata ziliuzwa na mkanda wa ngozi tu. Na mkanda wa ngozi, kwa joto letu na jasho la jembe, hauishi. Ukikufikisha mwaka wa tatu mshukuru Mungu. Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba saa fulani imepoteza mnyororo wake, mwulize kwanza kama ilipata kuwa nao. Kuna saa zinazopunguziwa bei kwa kukosa kitu ambacho hazikuzaliwa nacho.

Saa ya marehemu ilikuwa na mnyororo, twamsadiki mama. Lakini ulikuwa mnyororo gani? Mwalimu, mwulize swali hili dogo: Je, ulikuwa wa kuvutika kama mpira, ukipita juu ya kiganja bila kufunguliwa? Minyororo ya namna hiyo ilienea mno, hasa baada ya kampuni ya Speidel ya Marekani kutoa ule wao unaoitwa Twist-O-Flex mwaka 1959. Mara nyingi mtu aliununua peke yake, akauvika kwenye saa yoyote. Kama wa marehemu ulikuwa huo, basi kuukosa hakupunguzi thamani ya saa hata kidogo. Pengine ni heri umeondoka, maana ulikuwa ukikwaruza kasha na kung’oa vinyweleo vya mkono. Lakini kama ulikuwa na vipande vizito vilivyopindwa kukumbatia kasha la saa, na kifungio chenye alama ya Omega, hapo kweli kuna kitu kilichopotea, na ni haki kukitia katika hesabu.

Wengine husema saa bila mnyororo wake ni nusu saa. Watu hao tungependa kuwauliza habari za mwezi. Mwezi Julai mwaka 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipotua mwezini, walikuwa na saa za Omega aina ya Speedmaster. Madukani saa ya namna hiyo iliuzwa na mnyororo wa chuma. Lakini mnyororo usingeweza kuzunguka mkono wa vazi lile nene, basi wakaondoa chuma, wakaweka mkanda mrefu wa kitambaa wa kushikana kwa velkro. Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo kwa kuwa saa ya chombo ilikuwa imeharibika; Aldrin akatoka na yake. Baadaye saa hiyo ya Aldrin ilipotea njiani ilipokuwa ikipelekwa makumbusho, wala haijaonekana. Je, ikionekana kesho na ule mkanda wake wa kitambaa, nani atathubutu kusema ni nusu saa?

Sasa, mnyororo huendaje? Mara nyingi huisha. Vumbi na jasho vikikaa kati ya pingili hufanya kazi ya msasa, vijiti vinalika polepole, mnyororo unalegea mpaka unaning’inia kama kamba ya mbuzi. Minyororo mingi ya zamani ilikuwa ya bati la chuma lililokunjwa, tupu ndani, na hiyo huchoka upesi kuliko ya sasa. Pengine kijiti kinachoushika kwenye saa kilikatika, mwenyewe akauweka pembeni akisubiri siku ya kwenda mjini, na siku hiyo haikufika.

Lakini ziko sababu mbili nyingine ambazo mnunuzi asizisahau. Ya kwanza ni ya kibiashara. Wako wauzaji wanaovua mnyororo kwa makusudi, wakauza saa peke yake na mnyororo peke yake, kwa kuwa viwili vikitengana huleta fedha nyingi kuliko vikiwa pamoja. Hilo si dhambi wakisema kweli. Ya pili ni mbaya: saa iliyonyakuliwa mkononi mwa mtu njiani au katika basi mara nyingi hukatika kwenye kijiti, mwizi akabaki na saa, mwenyewe akabaki na mnyororo. Kwa hiyo saa ya zamani isiyo na kitu cha kuifunga, inayouzwa na mtu usiyemjua, kwa haraka, nyuma ya stendi, iache. Usiulize bei. Saa ya mama jirani, ambayo kijiji kizima kiliiona mkononi mwa mumewe kila Jumapili, haina shaka ya namna hiyo.

Tuje kwenye hesabu. Unaponunua saa bila mnyororo unanunua kichwa cha saa, na kichwa ndicho kinachopaswa kuwa kizima. Itie ufunguo polepole mpaka ikaze kidogo, au kama ni ya kujitia yenyewe itikise taratibu. Iache usiku kucha mezani, kisha ilinganishe na redio asubuhi, inapotoa mlio wa saa moja yetu na mshale mfupi uko kwenye saba. Siku ya pili ilaze ubavu, ulinganishe tena. Ikipotea dakika chache inataka kusafishwa na kutiwa mafuta, nayo ni kazi ya fundi yenye gharama. Ikisimama simama, gharama huenda ikawa kubwa kuliko mnyororo wowote. Tazama uso wa saa: maandishi ya asili ni membamba na safi, yaliyopakwa upya ni manene na hutetemeka. Uso uliochujuka lakini ni wa asili ni afadhali kuliko uso unaong’aa wa juzi. Kama mishale ina rangi ile ya kung’aa gizani, usiifungue wala watoto wasiichezee. Mpaka miaka ya 1960 rangi hiyo ilitiwa radiamu, na vumbi lake ni sumu. Wala usiiamini majini hata kama mgongoni kumeandikwa hivyo, maana mipira ya ndani imekauka.

Peleka saa kwa fundi, lakini ifunguliwe mbele ya macho yako. Mafundi wa saa wana msimamizi wao mbinguni, Mtakatifu Eligio, sikukuu yake tarehe 1 Desemba. Alikuwa mfua dhahabu huko Ufaransa, na baadaye askofu wa Noyon. Inasimuliwa kwamba mfalme Clotaire alimpa dhahabu ya kutengenezea kiti kimoja cha enzi, naye akaleta viti viwili, kwa kuwa hakuiba hata chembe. Mafundi wanaomfuata wapo, tunawajua. Na wasiomfuata wapo, nao wanaweza kukurudishia saa nzuri yenye mashine ya saa nyingine. Ndani ya mfuniko wa nyuma pana namba ya kasha, na juu ya mashine pana namba yake. Zinakili zote mbili kwenye karatasi kabla ya kuiacha saa kwa mtu.

Baada ya hayo ndipo useme habari ya mnyororo. Tuseme, kwa mfano tu wala si bei ya soko, kwamba saa kama hiyo pamoja na mnyororo wake wa asili huuzwa shilingi 500,000, na mnyororo wa aina hiyo ukiuzwa peke yake ni shilingi 100,000. Basi kichwa cha saa ni kama 400,000, na unaweza kupunguza kidogo tena kwa taabu ya kutafuta. Huwezi kufika 50,000 kwa hesabu yoyote iliyo halali. Unachopunguza ni bei ya kitu kilichokosekana, huna ruhusa ya kuishusha na saa iliyopo. Yule bwana wa kuku wawili alifanya kama mtu anayenunua baiskeli kwa bei ya kengele kwa sababu haina kengele.

Ili kujua bei hizo, mwalimu aulize mafundi wawili mjini, wasiojuana. Kama ana simu ya kutazamia mambo, atazame saa kama hiyo zilinunuliwa kwa kiasi gani katika minada. Asitazame bei wanazoomba wauzaji, kwa maana kuomba hakuna kodi.

Si saa zote zinazopungukiwa sawasawa. Seiko 5 ya Wajapani, iliyoanza mwaka 1963, ina jina hilo la tano kwa sababu ya sifa tano zilizohesabiwa na kiwanda chenyewe, na moja ya hizo ni kasha na mnyororo wa kudumu. Hapo waweza kusema kwa haki kwamba saa bila mnyororo imekosa moja katika tano. Lakini Seiko ni nyingi na minyororo yake ilitengenezwa mingi. Upande wa pili kuna Rolex, ambayo mnyororo wake wa miaka hiyo unaweza kuwa ghali kuliko saa nzima ya mtu wa kawaida. Omega yetu iko katikati.

Mwalimu ametuambia pia kwamba mjini ameonyeshwa Seamaster nyingine, yenye mnyororo unaong’aa, na muuzaji anaapa kwamba ni wa asili. Bei yake ni kubwa zaidi. Je, aichukue hiyo? Sisi tungeiogopa kuliko ya mama. Saa isiyo na mnyororo imekwisha kukiri kasoro yake. Saa yenye mnyororo huenda inaficha moja. Tazama ndani ya kifungio, utaona namba zimepigwa chapa. Minyororo ya Omega ina namba za aina yake, na vipande vya mwisho vinavyokumbatia kasha vina namba zao pia. Mingi ya Rolex ya zamani ilipigwa hata robo ya mwaka na mwaka wenyewe. Ukiambiwa saa ni ya 1958 na kifungio kinasema 1965, mnyororo ulikuja baadaye. Pengine mwenyewe aliubadili kwa haki, wa kwanza ulipochoka. Lakini asikuuzie kama wa siku ya kwanza. Tazama pia kati ya mnyororo na kasha: pakiwa na mwanya unaopitisha ukucha, au kipande kinacheza cheza, vitu hivyo viwili havikukua pamoja. Na kama kasha limelika kwa miaka sitini ilhali mnyororo hauna hata mkwaruzo, huhitaji fundi kukuambia.

Sasa swali la pili, lililo zito. Na hapa, mwalimu, utuwie radhi tukisema wazi.

Wako watakaokuambia biashara ni mapatano: mwenye mali ametaja bei, mwenye fedha amelipa, shida iko wapi? Maneno haya yanafaa pale ambapo pande zote mbili zinajua kinachouzwa. Mama hajui. Tena si kwamba hajui tu, bali amedanganywa. Bei ya mbuzi mmoja haikutoka moyoni mwake. Imetoka katika ule uongo wa mfanyabiashara, aliposema saa bila mnyororo ni chuma chakavu. Mama ameipandisha kutoka kuku wawili hadi mbuzi, akadhani amejitahidi. Wewe ukinyamaza, hutakuwa umedanganya kwa kinywa chako, lakini utavuna shamba la uongo lililolimwa na mwingine.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alilijibu swali hili karibu kama ulivyoliuliza. Katika Summa yake anafundisha kwamba muuzaji akidhani dhahabu yake ni shaba, na mnunuzi akijua ni dhahabu lakini akalipa bei ya shaba, mnunuzi huyo ametenda udhalimu, na anadaiwa kurudisha. Angalia neno hilo la kurudisha. Haitoshi kwenda kuungama, ukarudi nyumbani na saa mkononi. Na aliyeuza hapa ni mjane, ambaye tangu siku za Musa sheria ya Mungu imemwekea ulinzi wake.

Hata hivyo haki haiko upande mmoja. Tomaso huyo huyo anamtaka muuzaji naye aseme kasoro iliyofichika. Mama akuambie kama saa iliwahi kuanguka kisimani, kama fundi alikwisha kuifungua, kama ilikaa miaka bila kutiwa ufunguo. Na wewe hudaiwi kulipa bei ya duka la mjini. Mwenye duka analipa pango, ameisafisha saa, na ikisimama mwezi ujao utamrudia. Wewe unainunua kama ilivyo, bila mnyororo, na gharama ya kuisafisha ni yako. Hayo yote yapunguze, kwa kinywa wazi mbele yake, ayaone yakipunguzwa.

Tunafikiri mazungumzo yenyewe hayana ugumu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?”

“Hatujambo, mama. Nimekuja kwa ile habari ya saa ya baba. Ulisema bei ya mbuzi. Mimi nimeuliza kwa mafundi, nao wamesema ni zaidi ya hapo.”

“Zaidi? Na yule bwana alisema bila mnyororo ni chuma tu!”

“Hakusema kweli, mama. Mnyororo unapunguza kitu, lakini saa ipo. Mafundi wamenitajia kiasi hiki. Toa mnyororo, toa kusafisha, inabaki hiki hapa. Mimi sinacho chote leo.”

Kwamba mwalimu hanacho chote, hilo halikutushangaza. Mshahara wake twaukisia. Lakini jirani na jirani wana njia nyingi. Anaweza kulipa sasa kiasi kitakachomrudisha mjukuu shuleni, kwa kuwa hilo ndilo halingojei, na kumaliza baada ya miezi mitatu au baada ya mavuno, saa ikabaki kwa mama mpaka shilingi ya mwisho. Au akiona ni mzigo mno, amsaidie mama kuiuza mjini kwa mtu mwaminifu, na mama kwa hiari yake amkatie kitu cha nauli na taabu. Hataondoka na saa, ni kweli. Ataendelea kupita mbele ya mlango wa jirani yake bila kutazama pembeni, na katika kijiji kidogo hilo si jambo dogo.

Kabla ya kupeana fedha, pawe na neno na watoto wa marehemu. Saa ya baba haiko kama sufuria. Pengine mtoto mkubwa aliyeko mbali anaihesabu kuwa yake, na siku akirudi likizo akaiona mkononi mwa mwalimu kutakuwa na maneno ambayo Padre ataitwa kuyatuliza. Mama aseme nao kwanza. Wakikubali, iandikwe karatasi: aina ya saa, zile namba mbili, bei, siku za kulipa, na maneno haya yasikosekane, kwamba saa imeuzwa bila mnyororo wake. Shahidi mmoja wa ukoo, mmoja wa nje, katekista au mwenyekiti wa kitongoji anafaa. Maneno hayo ya mnyororo yatamlinda mama asidaiwe kesho, nayo yatamlinda mnunuzi mwingine siku mwalimu naye atakapouza.

Saa ikishakuwa yake, asikimbilie kutafuta mnyororo. Apime kwanza upana kati ya zile pembe za kasha zinazoshika mkanda, kwa milimeta kamili. Saa za kiume za miaka hiyo mara nyingi ni 18, 19 au 20, na kosa la milimeta moja linatosha kuharibu. Abadilishe vijiti viwili vyenye springi ndani, maana ni vya bei ndogo sana na ndivyo vinavyobeba saa yote. Kwa mtu wa shule na shamba sisi tungechagua ule mkanda mmoja mrefu wa nailoni, unaopita chini ya saa na kushikwa na vijiti vyote viwili. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliuandikia vipimo mwaka 1973 kwa ajili ya askari wake. Uzuri wake ni kwamba kijiti kimoja kikikatika, saa hubaki ikining’inia kwenye cha pili badala ya kuanguka mtaroni. Unafuliwa kwa sabuni, unaanikwa, na ukichakaa hutupi kitu cha thamani. Ngozi aiweke kwa Jumapili.

Akipata siku moja mnyororo wa Omega wa namba inayostahili, na fedha zikawepo, auvike. Asipopata, saa haitajua.

Jambo moja limebaki, nalo lifanyike kabla ya karatasi. Minyororo iliyokatika kijiti haitupwi na wazee, huwekwa. Mwalimu amwombe mama atazame ndani ya mkebe wa misumari wa marehemu, ndani ya droo ya cherehani, katika mifuko ya makoti ya zamani, na chini ya karatasi zilizotandikwa katika sanduku. Ukionekana, hesabu yote ya hapo juu ibadilike, na ile 100,000 ya mfano wetu irudi kwa mama.